Akiba ya Bwawani

Mchana ule niliachiwa meza kwa mara ya kwanza katika chumba cha kuongozea gridi, na moyo ulinidunda kama wa bibi harusi. Mimi, binti wa askari polisi kutoka kaskazini, niliyekulia kwenye kota za Kampala, leo nasimamia umeme wa nchi nzima! Msimamizi wangu, mzee mpole, aliketi nyuma akinywa chai.

Kulikuwa na mshale ukutani wa kuonyesha mapigo ya umeme kwa sekunde, nao haukutakiwa kubanduka kwenye hamsini. Mahitaji yakizidi umeme uliopo, mshale hushuka. Ukishuka mno, mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine na nchi ikabaki gizani. Ndiyo maana mtambo mmoja bwawani tuliuendesha nusu tu. Nguvu iliyobaki ilikuwa akiba.

Kaka yangu, aliyekuwa na mashine ya kusaga mahindi Kyebando, akapiga simu. Mgao wa umeme ulikuwa umewaangukia wao. Wateja wamejaa mlangoni na mabeseni yao, alisema, na amesikia tuna umeme tumeukalia. Nikamwambia huo si wa kugawa. Akakata bila kuaga, nikaumia.

Kisha mvua ikaja. Radi ikapiga laini kuu, mtambo mkubwa ukatoka kwenye gridi, na mshale ukaporomoka. Nilisimama bila kujijua. Bwawani, mtambo wa akiba ulikuwa ukijifungulia maji wenyewe, ukiziba pengo. Mshale ukasita, ukatetemeka, ukaanza kupanda. Nywele zilinisimama.

Simu ya wenzetu wanaoongoza gridi ya Kenya ikalia. Gridi zetu zimeungana, kwa hiyo hata wao waliona anguko lile. Aliyepiga nilimjua kwa sauti tu.

"Kampala, mmeshika?"

"Tumeshika."

Akacheka, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Msimamizi akaweka kikombe chini. "Akiba imekwisha, binti yangu. Radi nyingine ikipiga sasa hivi, utashika nini?"

Kicheko kikakatika. Nikapiga simu bwawani, wakawasha mtambo uliokuwa umelazwa ili kubana maji ya bwawa. Nikaupa mzigo polepole, huku nikiupunguzia ule uliotuokoa, mpaka akiba ikapatikana tena. Mzee aliniuliza kama nimechoka, anipokee. Nikamwomba aniachie meza mpaka zamu iishe, naye akaenda kujiongezea chai.