Keki ya Mkesha wa Krismasi

Nilizaliwa mkesha wa Krismasi, na nyumbani kwetu Kinyangiri siku hiyo haikuwahi kuwa yangu. Gauni jipya lilikuwa la sikukuu, kuku alikuwa wa sikukuu. Nikilalamika, mama alinijibu, "Subiri kesho, utakula wali na wenzako."

Mwaka jana, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilinunua keki Singida mjini nikaipakata kwenye basi hadi nyumbani. Nilimkuta mama uani akinyonyoa kuku.

"Shikamoo mama. Leo Krismasi itanisubiri mimi," nilimtania, nikafungua boksi.

Hakucheka. Aliitazama keki, akamwacha kuku kwenye beseni.

"Mlizaliwa wawili," alisema. "Pacha wako alikuwa msichana kama wewe. Alifariki jioni ileile. Tulimzika siku ya Krismasi, watu wakitoka kanisani."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Miaka yote nilikuwa nikiinunia sikukuu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Marehemu baba yako hakutaka. Na mimi nilishindwa kukuimbia peke yako."

Nilimuuliza alizikwa wapi. Alinawa, akanishika mkono, tukapita zizi la mbuzi mpaka kwenye mawe mawili makubwa pembeni ya shamba la alizeti. Nilikuwa nikiyakalia mawe yale utotoni, kila nilipochunga mbuzi.

"Nilikuwa nakuona," mama alisema. "Sikuwahi kukufukuza."