Mbwa Anayekimbia Apewe Posho Yake

Asubuhi ile bado naiona, mwanangu, kama vile umande wake haujanikauka miguuni. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza napevuka, tuko shambani kwetu nje ya Igalula, karanga zimeanza kujaa chini ya ardhi, na baba amesimama mbele ya mbwa wetu, mikono kiunoni. Mbwa amelala ubavu. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Baba akasema, "Huyu kwisha kazi. Siku ya kung'oa karanga ikifika naye bado yuko hivi, nammaliza kwa rungu, natafuta mwingine." Akageuka akaenda zake kunoa jembe, kama mtu aliyekuwa anazungumzia mpini uliovunjika.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Jina hilo alimpa mama, kwa ajili ya majirani, na majirani walielewa.

Nakusimulia haya kwa sababu mbwa wenu wa siku hizi nawaona. Napita mtaa wa Cheyo, napita hapa mtaani kwetu Ng'ambo, naona mbwa mwembamba kama ufito anarukaruka getini, na mwenyewe ananiambia, "Ndivyo alivyo, bibi, anapenda mno kukimbia." Eti ndivyo alivyo! Mimi shule niliishia darasa la nne. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa karanga zangu mwenyewe, hakuna mjomba aliyeniletea hata bati moja. Na mbwa nimewafuga tangu siku hizo mpaka leo. Kwa hiyo kaa chini, usinifundishe.

Kazi ya Watasema ilikuwa nyani. Shamba letu lilipakana na vilima vya mawe, kando ya njia ya zamani ya misafara, na nyani wa pale walikuwa na akili kuliko baadhi ya watu ninaowajua. Sisi watoto tulikaa juu ya dungu, kile kibanda cha kulindia kilichoinuliwa kwa miti, tunapiga madebe na kupayuka. Nyani hawakutujali. Walichokiogopa ni mbwa. Lakini walikuwa wamemsoma. Wanatuma wawili watatu upande wa chini wa shamba, Watasema anatimka kuwafukuza. Wanatokea wengine juu, anapanda mbio. Wakati huo dume kubwa limekaa juu ya jiwe, limekunja mikono, linangoja. Mbwa akishafika mzunguko wa pili au wa tatu, ulimi nje, miguu inatetemeka, analala. Ndipo kundi zima linashuka polepole, na watoto wao mgongoni, kama watu wanaokwenda mnadani.

Na huyo mbwa alikuwa anakula nini? Kwetu mbwa wa shamba alikula mara moja, jioni, baada ya vyombo kuoshwa. Alipewa ukoko uliolowekwa kwenye maji ya sufuria, basi. Haukuwa ukatili, mwanangu, yalikuwa mazoea ya kijiji kizima. Wazee waliamini kwamba mbwa akishiba analala, na mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Baba alilelewa hivyo, na baba yake hivyo hivyo. Na kadiri Watasema alivyokonda, ndivyo walivyozidi kumpunguzia, wakidhani ni uvivu.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyelivunja jambo hilo. Alikuwa mama mfupi, macho makali, na mimi aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Jioni ile alinikuta nalia nyuma ya jiko, nimemkumbatia mbwa. Badala ya kunibembeleza akanishika sikio.

"Mke mwenzangu, machozi yana mafuta?"

"Hapana, bibi."

"Basi acha kumlisha machozi. Wewe ukienda kulima unakula mara ngapi?"

Nikamwambia: uji asubuhi, viazi mchana, ugali usiku.

"Na huyu anayekimbia kutwa nzima wakati wewe umekaa dunguni?"

Akanyoosha mkono kuelekea ile njia ya zamani. "Babu yangu alipita pale na pembe za ndovu begani, mpaka pwani na kurudi. Sisi Wanyamwezi tulijulikana kwa kubeba. Lakini posho kwanza, mzigo baadaye! Mwenye msafara aliyewapunja wapagazi posho aliamka akakuta mizigo imelala porini peke yake. Na aliyebeba mzigo mkubwa alikula zaidi, hakuna aliyemwita mlafi. Baba yako amesahau. Wewe usisahau."

Neno hilo posho lilinikaa kichwani kama msumari. Kesho yake nikamwambia baba, "Mbwa niachie mimi mpaka siku ya kung'oa." Akacheka, akasema, "Mchukue. Na kaburi lake utachimba wewe."

Jambo la kwanza alilonituma bibi halikuwa chakula. Alinituma joshoni, siku bwana mifugo anakuja kuogesha ng'ombe, nimpeleke mbwa akatazamwe. Bwana mifugo akamfunua fizi, akamminya tumbo, akasema huyu anawalisha minyoo. Akatupa dawa. Yaliyotoka, mwanangu, sitakutajia, pengine unakula. Lakini elewa: hata ungemmwagia ng'ombe mzima, mgawo mkubwa ungeliwa na wale wa tumboni.

Ndipo tukaanza kupika. Bibi alinikataza kumjazia mafuta siku moja, akasema tumbo lililozoea maji ya sufuria likipewa mafuta ghafla litafunguka, na hata kidogo kilichokuwemo kitatoka. Tukaanza na kijiko, tukaongeza kijiko kingine alipozoea. Ugali wa mtama niliusonga laini, nikachanganya dagaa waliopondwa. Karanga nilikaanga bila chumvi, nikatwanga mpaka zikatoa mafuta yake. Viazi vitamu nilichemsha. Buchani pale stesheni ya treni nilikuwa naomba mafuta ya ng'ombe na vipande vya bandama ambavyo watu walivikataa, nachemsha. Na kuku alipotaga, mbwa alipata yai.

Hilo yai ndilo lililoleta vita. Baba aliniona navunja yai kwenye bakuli la mbwa, akapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. "Mbwa anakula yai, na mimi baba mwenye nyumba nakula mlenda!" Bibi akamjibu akiwa ndani, bila hata kutoka, "Kesho kimbizana na nyani wewe, nitakukaangia mawili."

Na jirani yetu, baba Shija, huyo alikuwa anakuja makusudi kuchungulia. Akimkuta Watasema amelala kivulini baada ya kula anauliza, "Hivi mnafuga mbwa au mmeweka mwali ndani? Lini tuje kumcheza?" Wanaume wanacheka. Mimi naendelea kukoroga.

Maana hilo la kulala nalo lilikuwa sehemu ya dawa. Nilimgawia mara tatu: asubuhi kidogo, kisha apumzike kabla ya kwenda shamba, kwa sababu mbwa aliyeshiba akikimbizwa papo hapo tumbo humletea shida. Mchana kidogo, kivulini. Jioni ndiyo chakula kizito. Na nilikaa naye mpaka amalize, la sivyo kuku wangekula robo ya jasho langu. Nilichana ukanda kwenye kanga kuukuu, nikawa nampima kifua nyuma ya miguu ya mbele na kutia alama ya mkaa. Kwanza alama haikusogea, nikalala na wasiwasi. Kisha ikasogea upana wa ukucha. Kisha wa kidole. Manyoya yakaanza kung'aa. Mbavu nikizipapasa nazigusa, lakini machoni hazionekani tena. Hapo ndipo pazuri pa mbwa mkimbiaji, mwanangu. Sikumtaka awe nguruwe.

Ikaja wiki ya kung'oa. Karanga zimeshiba, harufu yake tu ilitosha kuita nyani wa wilaya nzima. Baba akapanda dunguni mwenyewe asubuhi hiyo, rungu mkononi, na rungu lile sote tulijua limeletwa kwa ajili ya nani.

Wakatuma wawili upande wa chini. Watasema akashuka kama jiwe la kombeo, wakakimbia. Wakatokea wengine juu, akapanda. Lile dume likakaa kwenye jiwe lake, likakunja mikono. Mzunguko wa tatu. Mimi nakitazama kile kiuno cha mbwa kama kitalegea. Hakikulegea. Wa nne. Wakajaribu pembeni kwenye mtama, akawawahi. Dume likasimama, likakaa tena. Jua likapanda. Wakajaribu tena na tena, na kila walipotokeza kichwa walikuta meno yameshafika. Hakulivamia lile dume, hakuwa mjinga. Alisimama mpakani, kifua mbele, akabweka kwa sauti ambayo hatukujua anayo.

Na lile dume, baada ya kutazama kwa muda mrefu, likatugeuzia mgongo. Kundi zima likapanda vilima, watoto wanalia njaa.

Baba akaruka kutoka dunguni, mtu mzima yule, anacheza katikati ya shamba. "Rudini! Rudini basi mle karanga! Mbona mnakwenda?" Rungu akawarushia nyani. Lilianguka vichakani huko, na hakuna aliyekwenda kuliokota. Mwaka ule tulijaza magunia mpaka ndani tukakosa pa kupita. Baba Shija alikuja na mbwa wake amemfunga kamba, akasimama mlangoni, akakohoa, akasema, "Binti, hivi yule dagaa mnamponda au mnampa mzima?" Nikamfundisha. Ila kwanza nilimwacha asimame kidogo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mbwa wako akikonda na bado anakimbia, usiseme ndivyo alivyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo atazamwe minyoo na maradhi, maana kuna kukonda kusikotibiwa na sufuria. Akiwa mzima, mwongezee chakula taratibu, chenye mafuta na nyama au samaki, umgawie mara kadhaa kwa siku, na umwache apumzike akishakula. Usimpe vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, wala chumvi yako. Na yale mahindi na karanga zilizoota ukungu mnazosema "wape mbwa", tupa shimoni. Hiyo ni sumu, na hana mdomo wa kukuambia. Mpime, usikisie. Usimlinganishe na mbwa wa jirani anayelala kutwa, mgao huenda kwa kazi. Na ukishika shamba, au duka, au watu chini yako, fanya hivyo hivyo. Ukimwona anayekutumikia ameishiwa nguvu, chungulia bakuli lake kwanza kabla hujamwita mvivu.

Mungu akujalie mikono isiyobana, mwanangu. Akupe shamba lenye mavuno na waaminifu wa kulilinda. Kila anayechoka kwa ajili yako alale ameshiba, nawe usingizi wako uwe mtamu kwa sababu hiyo. Amina.