Mwalimu wa Mahema

Mwalimu wa mahema alikuwa na tabia ya kufunga mikono nyuma ya mgongo. Wanafunzi wakihangaika na kamba kambini, yeye alizunguka akipiga mluzi, na akiitwa alisema tu, "Livute, litakwambia lenyewe." Mama mmoja aliyekuja kuwapikia hakumpenda. Wanaume wa kutazama tu aliwajua. Mmoja alimtazama akihangaika na mtoto mchanga, kisha akaenda zake.

Hema la binti wa mama huyo, mmoja wa wanafunzi, lilipoanguka tena, wenzake wakapiga kelele, "Limelewa hilo!" Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Mama akaacha wali motoni, akakimbia.

"Ngoja, dada," mwalimu akamwambia. "Ukimfungia wewe, hatajaribu tena."

"Mwanangu anachekwa, nawe umesimama kama nguzo!"

Mwalimu akaendelea kumtazama mtoto. Ndipo mama, akiwa nyuma ya mwalimu, akaiona ile mikono: vidole vilikuwa vinafunga fundo hewani, polepole, sambamba na mtoto, na viganja vimelowa jasho. Binti akavuta kamba. Hema likasimama.

"Mama, usiguse!" akapaza sauti. "Nimeweza!"

Wali uliungua. Mama akampakulia mwalimu kwanza, ule wa juu, mweupe. "Kula, kaka yangu," akasema.