Wimbo wa Lanuola Kwenye Foleni ya Feri

Wifi yangu Lanuola hajui kuficha kitu. Si kwamba ni mmbeya. Ni mtu wa sauti kubwa tu. Akinong'ona kanisani, mchungaji husimama kungoja amalize. Kwa hiyo mwaka ule alipotangaza kwamba wimbo wa kwaya yetu ya kijiji cha Falesina utakuwa siri mpaka siku ya mashindano, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Lakini alikuwa amekusudia. Anaongoza kwaya ile tangu kaka yangu alipomwoa, na kila mwaka tunavuka bahari kwenda mjini Apia kushindwa na Vaitoa, kijiji jirani, chini ya kiongozi wa kwaya yao, yule Mulipola mwenye kitambi na madaha. Safari hii Lanuola alitunga mwenyewe, wimbo wa mvua iliyochelewa na mashamba ya majimbi yanayoingoja. Kwenye ubeti wa mwisho wanawake wananyamaza, besi, zile sauti nzito za wanaume, zinaingia kutoka chini kabisa, na hapo ndipo mvua inaponyesha.

"Bila besi, huo si wimbo," alisema. "Ni malalamiko."

Aliutaka ushindi ule kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu, na hakuona haya kusema hivyo. Tukaurekodi kwenye simu yake.

Gari lake ni la Kijapani, kama magari yetu yote, lililofika kisiwani likiwa limeshachoka. Redio yake inaishia mahali ambapo stesheni zetu hazijaanza, na tundu la kuchomekea simu halina. Kwa hiyo ana kale kadude ka kuchomeka pale pa kuwashia sigara, kanakochukua muziki wa simu na kuurusha kwenye redio. Sote tumenunua duka moja pale sokoni, na muuza duka, kwa wema wake, humtegea kila mteja namba, kwenye kadude na kwenye redio. Nani angejisumbua kuibadilisha?

Siku ya safari wanaume walibaki nyumbani kupika. Mzee mmoja alikuwa akitawazwa kuwa chifu, na tanuri la mawe kwetu si kazi ya wanawake. Wangekuja na feri ya jioni. Sisi wanawake na wazee watatu tukatangulia, tukapanga foleni bandarini, gari limegusana na gari, jua la kuchoma utosi. Lanuola akafunga vioo vyote, akauweka wimbo.

"Sauti ya pili, sikilizeni! Mnaimba kama mmeazimwa pumzi."

"Wifi, tunaiva humu ndani," nikamwambia. "Fungua hata kioo kimoja."

"Ili Vaitoa wasikie? Vumilia, wifi. Ukiyeyuka nitakukusanya."

Tukaurudia na kuurudia. Kwenye gari la mbele vichwa vilikuwa vikiyumba, nikadhani wana muziki wao. Kisha nikamwona bibi mmoja kwenye gari la pembeni, anapunga upepeo wake. Nikautazama mkono wake vizuri. Tukipanda, unapanda. Tukikata, unakata palepale.

Kabla sijafumbua mdomo, kioo kikagongwa. Alikuwa Sefo wa Vaitoa, yule wa besi, mpana kuliko mlango.

"Mama Lanuola, samahani. Sauti ya pili inachelewa kwenye mvua."

"Mvua gani?"

"Si ya kwenye wimbo wenu? Ila besi, mama! Besi tamu hiyo! Mzee Mulipola amekataza mtu asiguse redio."

Lanuola akaichomoa simu kama imemuunguza. Hapo nikamkumbuka yule muuza duka: magari yote, yetu na ya Vaitoa, namba moja. Halafu foleni nzima ikaanza kupiga honi, na mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Rudisha bwana! Ndiyo kwanza tunafika kwenye utamu!"

Wifi yangu akalaza kichwa kwenye usukani.

"Nimewatangazia mwenyewe," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Maji yakimwagika hayazoleki, wifi."

"Nyamaza, au utavuka kwa kuogelea."

Jioni ile bahari ikachafuka na feri ya wanaume wetu haikuondoka. Kesho yake tukaingia ukumbini tukiwa wanawake tu na wale wazee watatu wa sauti nyembamba. Vaitoa waliitwa kabla yetu. Lanuola alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, akingoja kusikia mvua yake ikitoka kwenye midomo yao. Haikutoka. Mulipola aliimbisha wimbo wao wenyewe, mzuri mno, na hapo nikamheshimu kwa mara ya kwanza.

Zamu yetu ikafika. Tuliimba vizuri, sitadanganya. Lakini ubeti wa mwisho ulikuwa unakuja na sote tulijua hauna mwenyewe. Tukanyamaza pale pa kunyamaza. Lanuola akaushusha mkono wake chini kabisa, kuwaita watu waliokuwa ng'ambo ya maji.

Besi zikaingia. Zilitoka mabenchi ya nyuma. Sefo alikuwa amesimama, na kando yake mwingine, na mwingine, kisha Mulipola na kitambi chake, wote wamemkazia macho wifi yangu. Mvua ikanyesha mle ukumbini, na mimi nikashindwa kuzuia machozi.

Mwamuzi mkuu akavua miwani.

"Hao waliosimama nyuma ni wa kwaya gani?"

Kanuni tulizijua: kwaya ikiazima waimbaji, inaondolewa. Lanuola angeweza kusema hakumwita mtu, na angekuwa mkweli. Nikamkanyaga mguu ili aseme. Akageuka, akawatazama wale wanaume wa Vaitoa.

"Ni wangu," akasema, kwa sauti yake ileile isiyojua kuficha kitu. "Leo ni wangu."

Kombe likaenda Vaitoa. Sisi hata hatukupangiwa nafasi. Mlangoni Mulipola alikuja kwetu, kichwa chini, kombe kalibana kwapani.

"Dada, ungewaambia tu hutujui."

"Mmeimba vile, halafu niseme siwajui?"

Tulipotoka nje nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, maana wifi yangu akikasirika nyumba nzima hulala njaa. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, viatu kavua, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Wifi, zile besi umezisikia lakini?"

"Nimezisikia."

"Basi," akasema. "Tukale."