Mama Shiru na Filamu ya Ndungu

Miaka ile filamu za hapa kwetu zilipoanza kumwagika kutoka River Road, Nairobi mjini, zikiwa kwenye sidii, soko la Dagoretti lilikuwa na mtu wake wa kuzipima. Ni mama mmoja aitwaye Wangu, yaani Mama Shiru, muuza matumbo, ambaye hakupita darasa la pili. Juu ya friza yake palikaa televisheni ndogo, na Musili mchuuzi hakuuza filamu kabla yeye hajaiona. Wangu akisema imeiva, akina mama wananunua. Akisema mbichi, Musili anarudi nazo mjini. Na hakuna aliyewahi kusema Mama Shiru amedanganya. Jina hilo la msema kweli alilipenda kuliko kibanda chenyewe.

Sasa siku moja akamwona Musili anapita na mkoba, macho chini.

"Wewe Musili! Unanipita kama mlingoti wa stima?"

"Aki Mama Shiru, hii ya leo wacha tu. Nitapelekea Mama Yvonne wa saluni."

"Mama Yvonne? Yule anasinzia hata kabla watu wa filamu waanze kuongea?"

"Ni ya Ndungu, mama, ameitengeneza mwenyewe. Hii huwezi kuiangalia vizuri. Watu wote wanajua."

Walijua, ndiyo. Ndungu alimposa Shiru, binti yake. Siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wazee wakaketi, mbuzi akachomwa, mukimo ukapondwa, na Ndungu hakuonekana, yeye wala watu wake. Hajaleta neno mpaka leo. Lakini kuambiwa huwezi! Damu ilimpanda Wangu. Yaani mtu akukosee, halafu akunyang'anye na macho?

"Lete hapa!"

Akaiangalia kisu mkononi, akitafuta ubaya. Sauti ilisikika. Picha ilikuwa safi. Ikafika katikati: wazee wameketi, bwana harusi haji. Mama wa msichana anafunika sufuria, anaifunua, anaifunika tena, kama vile chakula ndicho kilichochelewa. Wangu akaruka. Hiyo ilikuwa sufuria yake! Wapishi walikuwa wengi siku ile, na mmoja wao alimpelekea Ndungu habari. Kijana amemwaibisha, kisha ameichukua ile aibu akaenda kuiuza!

Na mwisho? Eti bwana harusi aligongwa na lori njiani, maskini, yuko kitandani anamwita mchumba wake.

"Uongo!" Wangu akapiga kelele. "Ndungu siku hiyo alikuwa kule madukani Adams Arcade anakula chipsi! Alionekana!"

Neno mbichi lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini je, ni filamu iliyokuwa mbichi, ama ni yeye aliyekuwa na uchungu? Swali hilo lilimuudhi kuliko Ndungu mwenyewe.

Akamwita Nthenya, mama kutoka Makueni aliyeanza juzi kuuza mboga kando yake. Huyo hakumjua Ndungu wala habari ya ruracio. "Kaa hapa uangalie. Usiniulize kitu."

Safari hii Wangu hakuangalia televisheni. Aliangalia uso wa Nthenya. Kwa sufuria, Nthenya alilia, akafuta macho na leso. Kwa lori, akacheka.

"Unacheka na mtu anakufa?"

"Kwani hiyo lori imetoka wapi, mama? Kijana tangu mwanzo hashiki simu, hamwangalii msichana usoni. Huyo hakugongwa. Huyo alikataa tu."

Akina mama walikuwa wameshajaa kibandani, wakingoja Mama Shiru amtukane Ndungu. Wangu akainuka.

"Imeiva mpaka kwa lori," akasema. "Yule mama na sufuria yake, nunueni mumwone. Lakini lori ni mbichi. Mwenye filamu aliogopa kutuonyesha kijana mwoga, akamtafutia lori."

Mama Yvonne akauliza toka mlangoni, "Kwa hivyo umemsamehe?"

"Nani ametaja kusamehe? Nimeulizwa filamu, nimejibu filamu! Yeye mwenyewe akikanyaga hapa nitammwagia maji ya matumbo!"

Mkoba wa Musili ukabaki mtupu. Wangu akawatazama wakiondoka na sidii za yule mshenzi, wamezinunua kwa neno lake yeye. Alikata matumbo siku hiyo kwa hasira, vipande vikubwa kupita kipimo, na wanunuzi wakapokea bila kumwambia kitu.