Saa Nne ya Mwanajuma

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa, na hivi ninavyokuhadithia, mwanangu, uso unapata joto. Lakini mwanzo wake cheka tu, maana unachekesha.

Tulikaa Jeddah, mtaa wa Sharafiya, mie sijaolewa bado. Wazee wangu watu wa Unguja, mie nimezaliwa hapo hapo, na nilijiona Mwarabu kuliko Waarabu wenyewe. Mama akiniuliza saa kwa Kiswahili namjibu kwa Kiarabu, tena nimebinua mdomo.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na duka la dawa. Mwenye duka kaleta dawa mpya ya chupa, nyeusi, ati inatibu mgongo, tumbo, usingizi na mume mkali. Hilo la mume naongeza mie. Ladha yake kama maji yaliyorowekwa misumari. Sasa ili watu wainunue, akachukua saa ya kutia ufunguo, akaijaza, akaifungia ndani ya kioo pale dirishani. Kila chupa na kadi yake: bahatisha itasimama siku gani, saa ngapi. Atakayekaribia zaidi anapewa tiketi ya ndege, kwenda kwao na kurudi.

Ghorofa ya juu yetu akifanya kazi dada mmoja wa Kwale, Kenya, jina lake Mwanajuma. Madam wake hamruhusu kutoka ila kutupa taka. Huko kwao mama yake macho yalikuwa yanaingia ukungu, na Mwanajuma alitaka jambo moja tu, mama amwone uso kabla giza halijafunga. Akanituma chupa. Akainywa yote, maskini, akiogopa asipoimaliza kadi haitakubaliwa. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, Kiarabu mie sijui kuandika. Niandikie Jumatatu, saa nne."

Mie nimesoma madarasa matatu tu, lakini tarakimu nazijua. Nikaandika nne, nikaenda kuitia kadi sandukuni, mbio mbio, najiona msomi.

Wewe unajua, mwanangu, saa nne yetu ya asubuhi Mwarabu anaiita kumi. Hata mie nilijua. Ni ile kujitia kwangu tu, sikusimama kufikiri.

Jumatatu ile saa ikasimama, asubuhi, tumejazana dirishani. Mshale uko kwenye kumi barabara. Saa nne ya Mwanajuma, kama kanong'onezwa. Mwenye duka akapekua kadi zake, tiketi akapewa dereva wa teksi aliyeandika tisa na nusu ya Kiarabu. Ningesema pale pale pengine mwenye duka asingenisikiliza. Lakini sikusema.

Jioni Mwanajuma akashuka na mfuko wa taka, macho yamemtoka kwa hamu. Akaniuliza imesimama saa ngapi.

Nikamwambia, "Imesimama saa kumi."

Unauona ujanja wangu? Kwa Kiarabu ni kweli tupu. Lakini nilijua sikio lake litasikia alasiri. Akatabasamu kidogo, akasema basi si riziki yake, akaniombea Mungu kwa taabu niliyopata. Akaniombea mie.

Mama alikuwa nyuma ya mlango, na habari ya dirishani alishaisikia. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Hiyo saa kumi ya nani?"

Akaniambia nipande juu nikaseme.

Nikapanda. Nikamkuta jikoni, mikono imo ndani ya sufuria la povu, nikamweleza yote nikiangalia sakafu. Hakulia wala hakunitukana. Alilisugua lile sufuria mpaka likang'aa, ndipo akasema, "Sawa, madam."

Mie, niliyekuwa mdogo wake. Mpaka bosi wake alipohamia Riyadh hakuniita jina jingine.

Kwao alifika mkataba ulipokwisha. Mwenzake mmoja wa kazi ndiye aliyenipa habari: mama yake alimtambua kwa kumpapasa uso.

Leo nami niko Riyadh, hapa mtaa wa Naseem kwa mama yako, na nikimwona msichana wa kazi anashuka na mfuko wa taka, nageuza uso. Bibi yako mzima.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtu akikupa neno lake ulibebe, msomee kwanza, umuulize ndivyo alivyokusudia. Lugha ya mama yako usiionee haya, mie kwa kuionea haya nimemponza mtu. Na ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, useme kwa maneno atakayoelewa yeye, si yatakayokuokoa wewe. Kukosea kadi pengine angenisamehe. Ile saa kumi niliyomwambia, ile niliijua.

Mungu akunyooshee ulimi, akupe uso wa kumtazama kila mtu uliyepata kuishi naye. Amin, mwanangu, amin.