Mkwe Anayekula Vumbi

Seremala wa Cibitoke hasemi kwamba kifua kinamuuma. Husema amekosa maziwa. Ndivyo alivyokuwa baba yangu, na ndivyo walivyo wenzake wa mtaani kwetu: mchana wanapasua mbao, jioni wanakunywa kikombe cha maziwa kiteremshe vumbi lililobaki kooni, kisha wanalala wakiamini kifua kimeoshwa. Mama alimpelekea baba kikombe hicho tangu kabla sijazaliwa. Baba akikohoa, anaongezewa. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza vumbi likishateremka linakwenda wapi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba cha matofali chenye dirisha moja na paa la bati. Ndani kulikuwa na kombine, ile mashine ya seremala yenye msumeno na randa kwa pamoja. Mimi ni fundi wa kushona. Baba akitengeneza kochi, mimi nilishona vitambaa vya mito yake. Cherehani yangu ilikaa barazani, karibu na mlango wa karakana, juu ya meza mbovu iliyoyumba kila nikikanyaga. Mbao ya libuyu ilipopasuliwa, vumbi lake la kahawia lilinifuata hadi kwenye kitambaa. Nilipiga chafya na kunung'unika. Baba alicheka na kusema kwamba binti anayelalamikia mbao ataishia kuolewa na karani.

Ulifika wakati akawa hawezi kubeba ubao kutoka getini hadi karakana bila kusimama njiani na kujifanya anakagua ukuta. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Daktari aliitazama picha ya kifua, akamwambia kwa upole achague moja: aache mbao, au vumbi litoke ndani ya chumba.

"Mi siwezi kuacha mbao," baba aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Vumbi njo litatoka."

Alivyosema, ungedhani vumbi lilikuwa mpangaji asiyelipa. Lakini nilijua kazi ya kulitoa nimeachiwa mimi, na niliogopa. Kama ningeshindwa, angerudi kwenye kombine vilevile, akohoe hadi mwisho.

Nilikwenda Buyenzi, kwa mafundi wa magari na mashine, nikaeleza shida yangu mlango kwa mlango. Walinicheka kwanza, kisha wakanisaidia. Nilipata feni ya chuma iliyotolewa kwenye kinu cha kusagia mahindi, mabomba mapana ya plastiki, na pipa lenye mfuniko. Mambo yenyewe si ya uchawi. Vumbi hukamatwa pale pale linapozaliwa, kwa hiyo mdomo wa bomba ukae jirani na meno ya msumeno. Bomba liwe pana, fupi, lisilo na kona nyingi, maana kila kona inapunguza pumzi. Kati ya mdomo na feni unaweka pipa: vumbi zito linaanguka humo, jepesi linaendelea mbele. Penye maungio nilifunga vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikavikaza kama ninavyokaza lastiki ya sketi. Mwisho kabisa, mbele ya feni, nilitundika mfuko mrefu wa kitenge nilioushona mwenyewe, nikaufungia pembeni mwa chumba.

Siku ya kwanza kuwasha, maranda yaliruka kutoka kwenye randa yakatoweka bombani. Baba alisimama mikono kiunoni. Alitazama sakafu safi, akanitazama na mimi, binti yake aliyevuka thelathini bila mume.

"Mama, umeniletea mukwe," aliniambia. "Anapiga kelele, anakula siku muzima, na ata mahari hajaleta."

Nilijifanya nimekasirika. Kuanzia hapo mashine ikaitwa Mkwe. Mkwe ameshiba, mwageni pipa. Mkwe leo ana mafua, kaza mpira. Mama ndiye aliyempenda kuliko sote, kwa sababu pipa lilimpa pumba kavu za mbao zisizo na mchanga kwa ajili ya jiko lake. Alikuwa na jiko la bati: unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba kuizunguka mpaka zikaze, unaichomoa chupa taratibu, kisha unawasha kwa chini. Maharagwe yanaiva na moto bado upo.

Wote tulifurahi, majirani wakaja kuona, na baba akaendelea kukohoa.

Jioni moja mama alimwekea kikombe cha maziwa juu ya meza ya kazi wakati baba anamalizia ubao wa mwisho wa libuyu. Alipozima kombine, feni ikiwa bado inazunguka, na kukinyanyua kikombe, maziwa yalikuwa na ngozi ya kahawia juu. Nilipitisha kidole, ilikuwa laini kuliko unga wa muhogo. Jua la jioni lilikuwa linaingia dirishani, likapiga kwenye mfuko wangu wa kitenge, na hapo ndipo nilipoliona vumbi linapenya katikati ya nyuzi na kutanda chumbani. Mfuko ulikuwa unashika tunachokiona na kuturudishia tusichokiona. Niliuchukia ule usafi wa sakafu uliotudanganya wote.

Dawa yake ilikuwa kutoboa ukuta na kupeleka bomba nje. Lakini ukuta ule unatazama uani kwa jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye ukoo wake umeishi mjini hapa tangu kabla ya mtaa wenyewe kujengwa, na ua wake kila siku una kamba za nguo. Baba alivaa shati safi akaenda kumwomba mwenyewe.

"Inua iyo tiyo juu ya bati, ndugu yangu," bibi alimjibu. "Mi nitaanika asubui, we utapasua mbao nguo zikisha kukauka. Uzima wa mutu njo wa kwanza."

Tulifanya hivyo. Bomba, tiyo kama alivyoliita bibi, lilipanda juu ya paa, mfuko ukatupwa, na kila jioni mama aliacha kikombe wazi juu ya meza ya kazi hadi mwisho wa kazi. Maziwa yalibaki meupe. Kikohozi cha baba kilipungua, akaanza tena kupiga mluzi akipima mbao, akabeba ubao kutoka getini bila kukagua ukuta. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Nilijiona nimemnunua baba yangu upya.

Kikaja kiangazi, na umeme ukaanza kukatika kutwa nzima. Baba alikuwa ameanza kunitengenezea meza mpya ya cherehani, kwa mbao nyeupe, maana alisema libuyu ni ya watu wenye mikono mikavu na mimi nitaichafua kwa mafuta ya mashine. Nilimwomba asubiri umeme.

"Mukwe amelala," alisema. "Mi nitamungoja mpaka lini? Meza yako ile itakuangusha siku moja."

Alipasua kwa msumeno wa mkono. Aliranda kwa randa ya mkono. Hayo niliyavumilia, kwa kuwa maranda ya mkono ni makubwa na yanaanguka chini. Kilichobaki ni msasa. Maseremala wetu wanaamini msasa wa mkono hauna madhara, pengine kwa kuwa hauna kelele. Tena wana desturi nyingine ya kiangazi: upepo wa barabarani huleta vumbi linalonasa kwenye vanishi, kwa hiyo siku ya kulainisha na kupaka hufunga mlango na kuziba dirisha kwa matambara. Siku ile nilikuwa nimekwenda Mutanga Nord kutundika mapazia ya mteja. Baba alijifungia ndani, akaikinga meza yangu na vumbi la nje.

Niliporudi, mama alikuwa mlangoni ameshika kikombe. Baba alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mguu wa meza yangu mpya, nyusi nyeupe kama za mzee wa miaka mia, akivuta pumzi kwa mabega.

"Usiniangalie ivyo," aliniambia. "Lete tu maziwa." Aliyanywa yote, akapumzika, akapapasa ubao juu ya kichwa chake. "Shika apa. Iko laini, ama apana?"

Nilishika. Ilikuwa laini. Nilimwambia hivyo, na nashukuru nilimwambia kabla ya kumgombeza.

Hakurudi kutoka hospitali. Alikufa mvua hazijaanza, na mimi nilikuwa na hasira na kila kitu: na umeme, na vanishi, na ng'ombe wote waliowahi kukamuliwa.

Kwetu, mtu akifa, kazi za nyumba yake husimama hadi siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, wazee wanapotoa ruhusa maisha yaendelee. Kombine ilifunikwa turubai. Meza yangu ilibaki bila vanishi. Pipa la Mkwe lilibaki limejaa vilevile, na hakuna aliyethubutu kulimwaga. Mara nyingine niliingia, nikaweka kiganja juu ya mfuniko, nikatoka.

Asubuhi ya kuganduka wageni walikuwa wengi na makaa yalikuwa yameloa kwa mvua ya usiku. Mama alikuja karakana na jiko lake la bati mkononi.

"Fungua pipa," alisema.

Sikutaka. Nilimwambia humo kuna kazi ya mwisho ya baba, niache kwanza. Alisogea, akasimama kando ya pipa. Nikaufungua mfuniko, nikaingiza mkono. Juu kulikuwa na kahawia ya libuyu. Nikachimba. Chini yake wekundu wa mbao ya grevilea, chini yake tena libuyu. Nilichimba mpaka bega likagusa ukingo wa pipa na kucha zikakwaruza chuma.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza.

"Nyeupe," nilisema. "Vumbi la meza yangu."

Mama aliweka jiko chini, akanitoa mkono pipani kama mtu anavyomtoa mtoto, akanifuta hadi kwenye kiwiko kwa ncha ya kitenge chake. Nilikuwa nalia kwa sauti, na wageni walisikia.

"Iyo haikupita mu mashine," alisema.

Kisha akasimamisha chupa katikati ya jiko, akateka pumba kwa viganja viwili, akaanza kushindilia.